Lugha ya Logo kwenye kompyuta za nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Logo ni lugha gani, na ilianza lini?

Logo ni lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, katika kampuni ya utafiti ya Bolt, Beranek and Newman, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha BBN, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Waanzilishi wanaotajwa mara nyingi ni Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon, na pamoja nao Daniel Bobrow. Hawakuanza kutoka sifuri: waliichukua Lisp, lugha iliyokuwa ikitumiwa na watafiti wa akili mnemba, wakaipunguzia mabano, wakaipa ujumbe wa makosa unaosomeka, na wakahakikisha kwamba mtoto anaweza kuandika amri moja na kuona jibu lake papo hapo bila kusubiri programu nzima ikamilike.

Jambo ambalo wasomaji wengi hushangaa kulisikia ni kwamba Logo ya mwanzo haikuchora chochote. Wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Muzzey, mjini Lexington, walioitumia katika mwaka wa masomo wa 1968 hadi 1969, walikaa mbele ya teletaipu, yaani mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta ya BBN, wakashughulika na maneno na sentensi: waligeuza maneno, walitunga programu za michezo, na walitengeneza sentensi za kubahatisha kutoka katika orodha za maneno.

Seymour Papert alikuwa nani?

Papert alikuwa mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Akiwa kijana aliupinga ubaguzi wa rangi, akaondoka kwenda kusoma Cambridge, Uingereza, kisha kuanzia 1958 hadi 1963 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza namna watoto wanavyojijengea maarifa wenyewe. Baadaye alihamia chuo cha MIT, ambako aliongoza maabara ya akili mnemba pamoja na Marvin Minsky. Kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, ndicho kilichoipeleka Logo masikioni mwa walimu na wazazi ambao hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta.

Ni haki kuongeza kwamba umaarufu wa Papert umewafunika wenzake. Solomon alifundisha watoto, aliandika miongozo, na baadaye alisimamia utengenezaji wa toleo la Apple. Feurzeig ndiye aliyeipa lugha hiyo jina. Anayemtaja Papert peke yake anasimulia nusu ya habari.

Kobe aliingiaje katika lugha ya maneno?

Kobe, yaani mchoraji anayefuata amri za Logo, alizaliwa MIT kati ya 1969 na 1970, kwanza akiwa roboti ya sakafuni: chombo chenye magurudumu, kilichounganishwa na kompyuta kwa waya, kikiwa na kalamu iliyoweza kushushwa juu ya karatasi kubwa na kuinuliwa. Jina hilo lilitokana na roboti ndogo ambazo mwanasayansi William Grey Walter alizitengeneza Bristol, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, na ambazo naye aliziita kobe. Muda si mrefu kobe wa pili akatokea kwenye skrini, akiwa alama ndogo ya pembetatu inayoonyesha imeelekea wapi.

Wazo lenyewe lilikuwa la kihisabati. Kobe hajui mahali alipo kwa kuhesabu umbali kutoka pembe ya skrini. Anajua mambo mawili tu, yaani kusonga mbele na kugeuka. Mtoto aliyekwama hushauriwa asimame, ajifanye kobe, na atembee umbo analotaka kulichora huku akijitazama anavyogeuka. Papert aliona kwamba kwa njia hiyo mtoto anaingia katika jiometri akitumia mwili wake mwenyewe, ambao tayari anaujua.

Kwa nini Logo ilichelewa kufika majumbani?

Kwa sababu ilihitaji kumbukumbu nyingi. Mwaka 1977, kompyuta za Apple II, Commodore PET na TRS-80 zilipoingia sokoni, mashine ya kawaida ilikuwa na kilobaiti 4 hadi 16. BASIC, lugha nyingine ya programu, iliyobuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika chuo cha Dartmouth mwaka 1964, iliweza kubanwa ndani ya kilobaiti chache na kuchomwa katika chipu. Logo, yenye orodha zinazokua na kupungua, taratibu zinazojiita zenyewe na picha juu yake, haikubanika kiasi hicho.

Katika miaka yote ya 1970, kwa hiyo, Logo iliishi kwenye kompyuta kubwa za vyuo na maabara. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, na mradi wa shule za Brookline, Massachusetts, wa mwaka 1977 hadi 1978, ulifanywa kwa vifaa ambavyo hakuna familia ya kawaida ingevinunua.

Toleo gani lilitangulia kwenye kompyuta ya nyumbani?

Linalotajwa kwa kawaida ni TI Logo, lililotolewa mwaka 1981 kwa kompyuta za Texas Instruments za aina ya TI-99/4, na ambalo lilijengwa kwa ushirikiano na MIT. Shule ya Lamplighter ya Dallas, Texas, ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kulitumia na watoto wadogo kabisa.

TI Logo ilikuwa na sura ya pekee, na sura hiyo ilitokana na chipu ya picha ya mashine yenyewe. Chipu hiyo iliweza kuonyesha vipande 32 vya picha vinavyoweza kusogezwa, na kwa TI Logo mtoto aliweza kukipa kila kipande umbo, rangi, mwelekeo na mwendo, kisha akakiacha kiende huku akiandika amri nyingine. Kwa upande wa kuchora mistari, hata hivyo, chipu ilikuwa dhaifu: mistari ilitengenezwa kwa kubadilisha sura za herufi, na idadi ya herufi zinazoweza kubadilishwa ilikuwa na kikomo. Mchoro ulipokuwa mkubwa mno, kobe alisimama na skrini ikaandika OUT OF INK, yaani wino umekwisha. Ujumbe huo unachekesha, lakini unaonyesha jinsi waandishi wa programu walivyojitahidi kumweleza mtoto kasoro ya mashine kwa maneno anayoweza kuyakubali.

Tatizo lilikuwa gharama. Ili TI Logo ifanye kazi, mnunuzi alihitaji pia nyongeza ya kumbukumbu ya kilobaiti 32, na Texas Instruments yenyewe ilijitoa katika biashara ya kompyuta za nyumbani mwishoni mwa mwaka 1983.

Mbona Apple II ilikuwa na Logo zaidi ya moja?

Kwa sababu kazi ya MIT ilisambazwa kwa leseni, na wakati huohuo watu waliotoka katika kundi lile lile walianzisha kampuni ya kushindana nayo. Toleo la MIT, ambalo Harold Abelson alikuwa kiongozi wake, liliuzwa na kampuni za Terrapin na Krell. Upande wa pili, kampuni ya Logo Computer Systems, au LCSI, iliyoanzishwa mwaka 1980 mjini Montreal, Kanada, ilitengeneza Apple Logo, ambayo Apple yenyewe iliiuza kuanzia 1982. Yote yalihitaji kilobaiti 64, maana yake Apple II yenye kilobaiti 48 ililazimika kuongezewa kadi ya kilobaiti 16.

Tofauti kati ya lahaja hizi mbili zilikuwa ndogo kwa mtaalamu na kubwa kwa mwalimu. Ili kusafisha skrini, toleo la MIT lilitaka DRAW, la LCSI likataka CS. Sharti, yaani amri ya aina ya "ikiwa hivi, fanya vile", katika toleo la kwanza liliandikwa kwa neno THEN, katika la pili kwa mabano ya mraba. Mwalimu aliyepata kitabu cha lahaja moja na diski ya lahaja nyingine alikuwa na kazi ya kunakili upya mazoezi yote.

Kompyuta nyingine zilipata matoleo gani?

Miaka ya 1982 hadi 1985 ilikuwa ya mafuriko. Toleo la Agosti 1982 la gazeti la Byte lilitengwa kwa Logo, na baada ya hapo hakuna mtengenezaji aliyetaka kuonekana amebaki nyuma. Atari ilitoa katriji, yaani kisanduku cha programu cha kuchomeka kwenye kompyuta, iliyoandikwa na LCSI, yenye kobe wanne na uwezo wa kutambua wanapogongana. Commodore 64 ilipata diski iliyotoka Terrapin. Sinclair ZX Spectrum, kompyuta ya bei nafuu iliyoenea Uingereza, ilipata Sinclair Logo mwaka 1984, ikipakiwa kutoka kwenye kaseti. Amstrad iliambatanisha Dr. Logo ya Digital Research na mashine zake zenye diski, hata PCW 8256 ya mwaka 1985 iliyonunuliwa zaidi na watu waliotaka kuandika barua na vitabu.

BBC Micro, kompyuta iliyoenea katika shule za Uingereza, inastahili maelezo zaidi. Modeli B ilikuwa na kilobaiti 32 tu za kumbukumbu, na skrini yenye picha nzuri ilikula hadi 20 kati ya hizo. Kampuni za Acornsoft na Logotron ziliepa kikwazo hicho kwa kuiweka lugha ndani ya chipu zinazochomekwa kwenye ubao wa kompyuta, Acornsoft ikitumia chipu mbili za kilobaiti 16 na Logotron moja. Kumbukumbu yote iliyosalia iliachiwa programu ya mwanafunzi, ingawa hiyo iliyosalia nayo haikuwa nyingi.

Programu ya Logo ilionekanaje?

Mfano wa kawaida ni mraba. Mwanafunzi aliandika hivi:

TO MRABA :UPANDE
REPEAT 4 [FORWARD :UPANDE RIGHT 90]
END

TO huanza kueleza amri mpya na END huimaliza, REPEAT 4 hurudia mara nne kilicho ndani ya mabano, FORWARD ni kwenda mbele na RIGHT ni kugeuka kulia. Tangu hapo MRABA 50 ni amri kama amri nyingine yoyote ya lugha; hakuna kinachoitofautisha na FORWARD au RIGHT. Hapa ndipo nguvu ya Logo ilipo. Mtoto hatungi programu moja ndefu yenye mistari iliyopewa namba, kama ilivyokuwa katika BASIC ya enzi hizo, bali anaiongezea lugha msamiati wake: mraba na pembetatu vinazaa NYUMBA, nyumba kumi zinazaa MTAA.

Pembetatu yenye pande sawa ndiyo iliyowafundisha wengi. Mwanafunzi anayekumbuka kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60 huandika REPEAT 3 [FORWARD 50 RIGHT 60], na kobe huchora nusu ya pembesita kisha akasimama. Kosa si la hesabu ya darasani. Ni kwamba kobe hageuki kwa kipimo cha pembe ya ndani, bali cha pembe ya nje, ambayo ni nyuzi 120. Mwanafunzi akilifikiria jambo hilo atagundua kwamba kila kobe anayezunguka umbo la kawaida na kurudi alipoanzia, akitazama kule kule, amegeuka jumla ya nyuzi 360, na kuanzia hapo anaweza kuchora umbo lenye pande zozote kwa kugawanya tu. Katika lugha ya Logo kosa kama hili halikuitwa kushindwa, na ujumbe wa makosa uliandikwa kwa upole: mtu akikosea tahajia ya MRABA, kompyuta ilimjibu kwamba haijui namna ya kufanya jambo hilo, kana kwamba ni yenyewe inayohitaji kufundishwa.

Upande wa maneno ulikuwa hivi:

TO GEUZA :NENO
IF EMPTYP :NENO [OUTPUT "]
OUTPUT WORD LAST :NENO GEUZA BUTLAST :NENO
END

PRINT GEUZA "KOBE huandika EBOK. Utaratibu unachukua herufi ya mwisho, unajiita wenyewe ushughulikie herufi zilizobaki, na unaacha neno linapokwisha. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeuelewa mfano huu alikuwa ameshika wazo ambalo wanafunzi wengi wa chuo kikuu hulikuta kwa mara ya kwanza mwaka wa kwanza, na kwa tabu.

Ni kweli kwamba Logo ilikuwa ya polepole?

Kwenye kompyuta za nyumbani, ndiyo. Logo ilitafsiriwa mstari kwa mstari wakati programu inaendeshwa, na kila neno na kila orodha ilihifadhiwa katika vipande vidogo vya kumbukumbu; katika Apple Logo kila kipande kilikuwa cha baiti 5. Vipande vikiisha, lugha ilisimamisha kila kitu, ikapitia kumbukumbu yote na kukusanya vile visivyotumika tena. Machoni pa mtoto, kobe aliganda katikati ya mstari kwa muda kisha akaendelea bila maelezo. Matoleo ya LCSI yalikuwa na amri ya RECYCLE iliyomruhusu mtumiaji kufanya usafi huo mapema, kwa mfano kabla mchezo haujaanza, na amri ya NODES iliyomwambia nafasi iliyobaki.

Kasoro nyingine ilikuwa ya skrini. Nukta za televisheni hazikuwa za mraba kamili, kwa hiyo mraba ulitoka ukiwa umebonyea na duara likawa yai. Matoleo mazuri yaliweka amri ya kurekebisha uwiano huo, na walimu walijifunza kushika rula mbele ya skrini kabla ya kipindi.

Je, Logo ni lugha ya kuchora tu?

Hapana, na dhana hiyo yenyewe ni zao la kompyuta za nyumbani. Mashine ndogo zilimudu kobe vizuri kuliko zilivyomudu orodha ndefu, na tangazo la dukani huvutia zaidi likiwa na ua lenye rangi kuliko likiwa na programu ya kutunga sentensi. Zaidi ya hayo, kobe alitolewa akapelekwa katika lugha nyingine, kama Atari PILOT na UCSD Pascal, na baadhi ya bidhaa zilizouzwa kama Logo zilikuwa na kobe peke yake, bila maneno wala orodha.

Kwa maoni yangu hasara hii ilikuwa kubwa kuliko inavyosemwa. Papert anamsimulia msichana mmoja aliyekuwa dhaifu katika somo la sarufi, ambaye alipojaribu kuifanya kompyuta itunge mashairi ya kubahatisha alilazimika kutenga maneno katika makundi, na ndipo alipotambua nomino na vitenzi vipo kwa kazi gani. Hakuna mchoro unaoweza kufundisha jambo hilo. Mashine zile zile zilizoipa Logo mamilioni ya watazamaji ziliipunguza hadi ikabaki robo ya ilivyokusudiwa.

Utafiti ulithibitisha manufaa yake?

Majibu yalichanganyika. Pigo lililosikika zaidi lilitoka New York mwaka 1984, pale Roy Pea na Midian Kurland wa chuo cha Bank Street walipoeleza kwamba watoto waliojifunza Logo hawakuonyesha ustadi wa kupanga mambo uliozidi ule wa watoto ambao hawakujifunza. Papert alijibu kwamba kuuliza Logo inamfanya nini mtoto ni kuuliza vibaya, kwa kuwa lugha si dawa, na kinachopaswa kuchunguzwa ni utamaduni mzima wa darasa ambamo lugha hiyo inatumika.

Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Ahadi zilizotangulia zilikuwa kubwa, na mwalimu aliyepewa kompyuta mbili kwa wanafunzi thelathini na semina ya siku moja hakuwa na utamaduni wowote wa kuujenga. Tafiti nyingine za miaka hiyo zilionyesha kwamba pale mwalimu alipofundisha waziwazi namna ya kutafuta makosa au namna ya kulinganisha pembe, wanafunzi walinufaika. Alipowaachia wachezee, wengi waliishia kuchora miraba iliyozungushwa.

Kwa nini BASIC iliishinda Logo majumbani?

BASIC ilikuwamo ndani. Mtu aliwasha kompyuta na BASIC ikamkaribisha, bila diski na bila fedha ya ziada, ilhali Logo ilinunuliwa kando, na mara nyingi ilidai kifaa cha ziada pia. Magazeti yalichapisha michezo ya BASIC ya kunakili kila mwezi. Tena waliotaka michezo ya kasi waliruka moja kwa moja hadi lugha ya mashine, yaani namba ambazo kompyuta huzitekeleza bila kutafsiriwa.

Logo ilitumika wapi nje ya Marekani na Uingereza?

Ufaransa iliipa nafasi rasmi katika mpango wa mwaka 1985, uliotangazwa na Waziri Mkuu Laurent Fabius, wa kupeleka zaidi ya kompyuta laki moja shuleni, nyingi zikiwa za Thomson. Amri zenyewe zilikuwa za Kifaransa: AV kwa kwenda mbele, TD kwa kugeuka kulia. Costa Rica ilianza mpango wa kitaifa mwaka 1988 kupitia Wakfu wa Omar Dengo, ukiegemea Logo na mafunzo ya walimu, na mpango huo ulidumu kuliko mingi ya wakati wake.

Barani Afrika, kituo cha kimataifa cha kompyuta kilichofunguliwa Paris mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambacho Papert alishiriki kukianzisha, kilikuwa na mradi wa majaribio Dakar, Senegali. Karibu zaidi na kwetu, watoto wa Rwanda waliopewa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child kuanzia mwaka 2008 walikuta ndani yake programu ya Turtle Art, ambamo amri za kobe huunganishwa kama vipande vya kuchezea badala ya kuandikwa.

Ni nini kilichobaki, na leo mtu anaweza kuijaribu wapi?

LCSI ilitoa LogoWriter mwaka 1985, iliyorudisha maandishi kando ya kobe. Ushirikiano wa MIT na Lego ulizaa vifaa vya roboti, vilivyoitwa Mindstorms kuanzia 1998 kwa kuazima jina la kitabu cha Papert. Scratch, iliyotolewa kwa umma na MIT mwaka 2007 chini ya uongozi wa Mitchel Resnick, mwanafunzi wa Papert wa zamani, ndiyo mrithi anayejulikana zaidi. NetLogo, lugha nyingine ya ukoo huo, hutumiwa na watafiti kuiga mienendo ya makundi, kama vile kuenea kwa ugonjwa au moto wa msituni.

Anayetaka kobe tu atampata katika lugha ya Python, ambayo huja na moduli ya turtle, au ndani ya LibreOffice Writer, yenye kifaa kiitwacho LibreLogo. Anayetaka lugha kamili, pamoja na maneno na orodha, achukue UCBLogo, toleo la bure lililosimamiwa na Brian Harvey wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mifano yote miwili iliyoandikwa hapo juu hufanya kazi humo. Na anayetaka kuiona kama ilivyoonekana mwaka 1983 atumie programu ya kuiga Apple II au Commodore 64, lakini aiache iende kwa kasi ya mashine ya asili, kwa sababu programu hizo zikifunguliwa mwendo wote wa kompyuta ya leo, kobe huwa amemaliza mchoro kabla mtazamaji hajamwona akigeuka hata mara moja.